Sabuni Mbili Katika Bakuli Moja

Yuko rafiki yangu wa siku nyingi ambaye kila akinikuta asubuhi nikichanganya sabuni ya kunyolea ya mche na krimu ya kunyolea ya tyubu, hucheka mpaka machozi yakamtoka. Husema kwamba aliyetengeneza sabuni alijua alilolitenda, na aliyetengeneza krimu alijua alilolitenda, na kwamba mimi, nisiye na kiwanda wala shahada, sina haki ya kuwaozesha wawili hao bila ya idhini ya wazazi wao. Maneno haya yanapendeza masikioni. Walakini si ya kweli, na madhali nimeyasikia katika vinywa vingi, hata vya watu ninaowaheshimu, sioni tena sababu ya kuyanyamazia.

Najua yupo msomaji atakayeuliza kama hakuna mambo makubwa zaidi ya kubishania kuliko povu la ndevu. Yapo, tena mengi. Lakini kijana wa miaka 16 au 17 ambaye kanuni za shule yake zamwamuru aingie darasani kidevu kikiwa kitupu, na ambaye kila anyoapo huinuka na vipele vya damu shingoni, hana jambo kubwa kuliko hilo katika asubuhi ile. Mimi nilikuwa kijana huyo. Nilinyoa kabla ya mapambazuko, kwa maji ya baridi ya bwenini, kwa kipande cha sabuni ya kuogea nilichokisugua shavuni kwa kiganja, na kwa wembe niliokwisha kuutumia mara nyingi kupita kiasi. Ngozi ya shingo yangu ilikuwa kama ya kenge, na kenge ndilo jina nililoitwa na wenzangu kwa mihula miwili.

Aliyeniondolea jina hilo hakuwa daktari. Alikuwa mjomba wangu, kinyozi wa Mombasa, niliyekwenda kumtembelea wakati wa likizo. Alinitazama shingo, akanikalisha kitini, asiniulize neno. Kisha akachukua brashi iliyokuwa imelowa katika kikombe cha maji moto, akaizungusha juu ya mche wa sabuni mpaka nywele zake zikajaa uji mzito, akaipeleka katika bakuli la bati, akatia krimu kiasi cha punje moja ya haragwe, akaanza kukoroga. Nilimwuliza kwa nini asitumie kimojawapo. Akanijibu, “Mpwa wangu, maji ya kisima hiki ni makaidi. Sabuni peke yake huyaogopa, na krimu peke yake huchoka mapema. Nikizitia zote mbili, moja humshika mwenziwe mkono.”

Mjomba hakusoma kemia, lakini maneno yake yaweza kupimwa kwa kemia, na nitayapima mbele yako, msomaji, ili usiyakubali kwa ajili ya mvi zake tu.

Sabuni ni mtoto wa mafuta na magadi. Magadi yale yale yanayochotwa katika ziwa la Magadi, kusini-magharibi ya Nairobi, yakiongezwa ukali kwa chokaa na kupikwa pamoja na mafuta, huzaa sabuni ngumu inayokatwa miche. Lakini kuna chumvi nyingine ya ukoo huo, potashi, ambayo wazee waliipata kwa kuchuja maji katika majivu ya mimea, na majivu ya migomba yanayo kwa wingi. Sabuni ya potashi haigandi ikawa ngumu. Hubaki laini na huyeyuka upesi majini. Basi mche mwema wa kunyolea kwa kawaida hupikwa kwa magadi na potashi pamoja, na krimu ya kunyolea aghalabu hupikwa kwa potashi zaidi, maji mengi yakiwa yamekwisha kutiwa ndani yake. Hapo mwanzo tu utaona kwamba watengenezaji wenyewe ni wachanganyaji. Rafiki yangu anayenicheka hunyoa kila siku kwa mchanganyiko, ila umechanganywa na mtu mwingine.

Mafuta nayo hayalingani. Mafuta ya nazi hufanya povu jingi na la haraka, lenye mapovu makubwa, hata katika maji ya bahari. Ndiyo maana mabaharia walipenda sabuni yake. Lakini povu hilo hupasuka upesi, na likiwa peke yake huikausha ngozi. Shahamu ya ng'ombe ina tabia nyingine. Ndani yake mna asidi ya steariki, ambayo ni miongoni mwa asidi za mafuta zilizofafanuliwa na Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Sabuni yenye steariki nyingi hutoa povu polepole, lakini povu lake ni dogo dogo, zito, na hukaa juu ya shavu bila ya kushuka. Mche wa kunyolea husifika kwa uzito huo. Krimu husifika kwa wepesi wake wa kuanza, na kwa gliserini inayoshika maji yasikauke usoni. Anayezitia bakuli moja anatafuta uzito wa hii na unyevu wa ile. Je, huo ni wazimu?

Sasa yale maji makaidi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita katika mawe hayo huyeyusha chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni huifunga, ikaigeuza kuwa utando wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni. Sabuni iliyofungwa hivyo haitoi povu tena. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya sabuni yoyote katika maji magumu hufa vitani, na ile inayobaki ndiyo inayofanya kazi. Mwenye mche peke yake hukoroga, akaona povu limekonda, akakata tamaa. Mjomba alipoongeza punje ile ya krimu aliongeza askari wapya, tena wepesi wa kuyeyuka, baada ya wale wa kwanza kuanguka. Mtu anayetumia maji ya mvua, ambayo hayana chokaa, huenda asione tofauti kubwa, na huyo sitamlazimisha. Lakini asije akatoka katika nchi ya maji laini akatucheka sisi wa visima.

Hebu nieleze na namna ya kukoroga, kwa maana wengi walioshindwa walishindwa hapa, kisha wakailaumu sabuni. Brashi ilowe kwanza, kisha ikung'utwe ibaki na unyevu tu. Izungushwe juu ya mche kwa muda wa nusu dakika hivi, mpaka ibebe uji usio na mapovu. Krimu itiwe baada ya uji huo. Maji nayo yaongezwe tone kwa tone, huku mkono ukizunguka, kwa dakika moja au mbili, na hapa ndipo papara huwaangusha watu: humwaga maji mara moja, povu likajaa bakuli na kuwafurahisha macho, kisha likatiririka shingoni kama maziwa yaliyomwagika. Povu jingi si povu jema. Lililo jema hung'aa kama mtindi mzito, halionyeshi mapovu kwa macho, na ukilichovya kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole huteleza bila ya kukwaruzana. Likibaki limesimama kama udongo, laomba maji zaidi. Mimi nilihitaji karibu wiki mbili kuujua mkono wangu, na sikuona aibu.

Nawageukia sasa wapinzani wa namna ya pili, wasiojali sabuni wala krimu. Hao huniambia kwamba dunia imekwisha kuyapita mambo ya bakuli. Wanasema kweli kuhusu tarehe. Mwaka 1925 huko Marekani ilianza kuuzwa Burma-Shave, krimu isiyohitaji brashi, na mwaka 1949 likafuata kopo la kwanza la povu linalosukumwa na gesi. Bonyeza kidole, na kiganja kimejaa. Lakini povu la nini? Unywele wa kidevu ni mgumu ukiwa mkavu, na hulainika ukinywa maji. Kunywa huko huchukua dakika mbili au tatu. Yule aliyezungusha brashi usoni kwa dakika mbili amezinywesha ndevu zake bila ya kujua, na ameziinua zisimame mbele ya wembe. Yule wa kopo amepata povu katika nukta moja na katika nukta ya pili ameanza kunyoa, ndevu zikiwa bado kavu ndani ya weupe ule. Ameokoa muda ambao kwa hakika ndiyo dawa yenyewe. Sikatai kwamba mtu aliyeosha uso kwa maji moto na kungoja kidogo aweza kunyoa vizuri hata kwa kopo; nasema tu kwamba kopo halimfundishi kungoja, na brashi humfundisha.

Jambo hili latugusa sisi kuliko watu wengi wengine. Nywele zetu wengi ni za kipilipili. Ukikata unywele wa namna hiyo karibu mno na ngozi, ncha yake hubaki kali kama mwiba, kisha ukikua hujipinda na kurudi kuichoma ngozi ile ile uliyotoka. Hivyo huzaliwa kipele. Kijana akikiona, hudhani hakunyoa sawasawa, akarudia wembe mara ya tatu na ya nne, akiukandamiza na kuupeleka kinyume cha uotaji wa nywele, na kila arudiapo huchonga miba mipya. Povu zito lenye kuteleza huruhusu wembe kupita mara moja au mbili kwa uzito wake wenyewe, kwa kufuata uotaji wa nywele, pasipo kukandamizwa. Hilo tu ndilo ninalolidai kwa ajili yake. Haliponyi vipele, na wako watu ambao ngozi yao haitatulia mpaka waache wembe kabisa, au wakate kwa mashine inayobakiza unywele mfupi. Mtu akikuuzia sabuni kwa kukuapia kwamba vipele vitakwisha, mwachie sabuni yake.

Tena nitawapa wapinzani wangu haki yao. Si kila ndoa ya bakulini hudumu. Krimu isiyohitaji brashi ina mafuta mengi, na mafuta huua povu. Ukiitia juu ya sabuni utaona bakuli zima likinywea. Sabuni ya kufulia isikaribie uso wa mtu, kwani ina ukali uliokusudiwa kwa nguo. Na vitu viwili vyenye mentoli vikikutana shavuni, mwenye shavu atajuta. Nilifanya hivyo siku moja ya harusi, nikahudhuria nikitokwa machozi ambayo jamaa za bibi arusi waliyafasiri vibaya. Kuchanganya kunataka kujaribu kidogo kidogo, na kukumbuka ulichotia jana.

Yapo na maneno kwamba hii ni anasa ya matajiri, kununua vitu viwili mahali pa kimoja. Anayesema hivyo hajafanya hesabu. Krimu kiasi cha punje ya haragwe kwa siku hufanya tyubu moja idumu miezi mingi, na mche wa sabuni hudumu vivyo hivyo. Mjomba hakuwahi kutupa kipande cha sabuni. Mche ulipokonda mpaka usishikike, aliukwaruza kwa kisu, akaunganisha mabaki ya miche miwili au mitatu ndani ya kikombe, akayakanda kwa maji moto, na wateja wake wakanyolewa kwayo mwezi mzima. Kitu kimoja tu hakukichanganya wala kukirudia, nacho ni wembe: kila mteja na wembe wake, kwa kuwa damu ya mtu mmoja haina safari halali katika shavu la mwingine.

Wa mwisho ninaobishana nao ni wakubwa wa shule. Kanuni ya kidevu kitupu ni yao, na siwaombi waiondoe, ingawa ningefurahi kama kijana mwenye cheti cha daktari angeachiwa ndevu zake kwa amani. Nawaomba waitazame saa. Kengele ya kuamka ikilia, mvulana ana dakika chache za kuoga, kuvaa, kutandika kitanda na kunyoa, na maji ni ya baridi. Akifika mstarini na damu kolani huadhibiwa kwa uchafu. Akifika na ndevu huadhibiwa kwa ukaidi. Ndoo moja ya maji moto bwenini, robo saa jioni mara mbili kwa wiki baada ya michezo, bakuli la bati na brashi ya kila mmoja. Gharama yake haifikii bei ya mpira mmoja wa miguu. Mwanafunzi aliyenyoa jioni, ngozi ikiwa imelowa baada ya kuoga, ataamka kidevu chake kikiwa kimepumzika usiku kucha, na mwalimu wa zamu hatakuwa na la kuandika katika daftari lake.