Gazi ya frigo ina majina mengi, sisi tunalo moja

Mwezi wa tano 2018, jarida la Nature lilichapisha habari iliyowasumbua wengi. CFC-11, gesi inayokula tabaka la ozoni na kuipasha dunia joto, ilikuwa bado inamiminika angani. Kwenye makaratasi ilikuwa imekwisha: chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zote zilikubali kuacha kuitengeneza, za mwisho kufikia 2010, na hakuna serikali iliyoandika kwamba kwake bado inatengenezwa. Lakini hewa ilitoa ushahidi mwingine. Watafiti wa NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa, walikuta kwamba baada ya 2012 CFC-11 inayotoka duniani kila mwaka imepanda kwa robo, yaani tani 13,000 hivi zaidi ya awali. Mahali fulani kulikuwa na mwongo.

Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, si kemia, na jarida hili ni la kitivo cha lugha. Hata hivyo naona habari hii inatuhusu moja kwa moja. Gesi za viwandani zenye florini hufuatiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni karatasi: ripoti za serikali zinazojumlisha kilichotengenezwa, kilichoingizwa na kilichotumika. Ya pili ni hewa yenyewe: vipimo vya kile kilichomo angani kweli. Njia moja huisahihisha nyingine. Hapa Kongo zote mbili zina pengo, na pengo la karatasi linaanzia kwenye neno. Ninachotetea ni hiki: fundi asiyekuwa na jina la gesi aliyoishika hawezi kuihesabu, na nchi isiyohesabu wala kupima itahesabiwa na wengine.

Tuanze na hewa. Mwingereza James Lovelock alibuni mwaka 1957 kifaa chenye uwezo wa kunusa kemikali zilizo chache mno. Mnamo 1971 na 1972 kifaa hicho kilisafiri katika meli ya Shackleton kutoka Uingereza hadi Antaktiki, na CFC-11 ikapatikana njia nzima, hata kusini kabisa ambako hakuna kiwanda. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza namna gesi za jamii hiyo zinavyoweza kuharibu ozoni. Tangu 1978 kuna mtandao wa vituo, leo unaitwa AGAGE, unaopima hewa mchana na usiku: Mace Head huko Ireland, Ragged Point huko Barbados, Cape Grim huko Tasmania, na vingine.

Kazi yao ni ya uvumilivu. CFC-11 ni molekuli kama 220 tu katika kila molekuli trilioni moja za hewa. Kwa hiyo hewa hupitishwa kwanza kwenye mtego wa baridi kali, chini ya nyuzi 160 za sifuri, gesi zinazotafutwa zikanaswa humo. Kisha hupashwa moto kidogo kidogo, zinatenganishwa, na kila moja inatambuliwa kwa uzito wa vipande vya molekuli yake. Upepo ukitoka bahari safi, kipimo kinatulia. Ukiwa umepita juu ya viwanda, kinaruka. Watafiti huchukua miruko hiyo, wakaurudisha upepo nyuma kwa hesabu za kompyuta, wakajua ulipitia wapi.

Ndivyo mwongo wa CFC-11 alivyopatikana. Kituo cha Gosan huko Korea Kusini na cha Hateruma huko Japani vilikuwa vikiona miruko kila upepo ulipotoka China mashariki. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba eneo hilo, hasa mikoa ya Shandong na Hebei, lilibeba kati ya asilimia 40 na 60 ya ongezeko la dunia nzima. Wachunguzi wa shirika la EIA walikuwa wamekwisha kuzungumza na wenye viwanda vya povu la kuzuia joto nchini China, wakaambiwa wazi kwamba CFC-11 inatumika kwa sababu bei yake ni nafuu. Serikali ya China ilifanya misako, na mwaka 2021 vipimo vipya vilionyesha kwamba gesi hiyo imeshuka tena. Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Hapa ilikuwa fupi kwa sababu kulikuwa na watu waliosimama njiani kumngoja.

Na sehemu iliyobaki ya ongezeko? Haikupata mwenyewe. Vituo vilivyopo havioni sehemu kubwa ya dunia, na Afrika yetu ni mojawapo. Kusini kabisa kuna Cape Point, Afrika Kusini. Jirani zetu wa Rwanda wana kituo juu ya mlima Mugogo, ambako wamepima kaboni dioksidi, metani na ozoni. Kwetu Yangambi, tangu 2020, kuna mnara wa mita 55 unaopima namna msitu unavyobadilishana kaboni na hewa. Hizo ni hatua nzuri, lakini mnara wa Yangambi ulisimamishwa ili kuuliza msitu unafanya nini. Hakuna aliyeusimamisha ili kuuliza frigo na klima za Kisangani au Lubumbashi zinatoa nini.

Sasa njoo kwenye karatasi. Baada ya CFC dunia ilihamia kwenye HFC, gesi zisizogusa ozoni lakini zenye nguvu kubwa ya kupasha joto. Tarehe 15 mwezi wa kumi 2016, mjini Kigali, saa chache tu kwa gari kutoka Goma, nchi zilikubaliana kuzipunguza hizo nazo. Kwa kundi lenye nchi nyingi za Afrika, kiwango kilipangwa kusimama mwaka 2024, kisha kipungue asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040, na 80 mwaka 2045. Asilimia hizo ni za nini? Ni za wastani wa HFC nchi ilizotumia mwaka 2020, 2021 na 2022, pamoja na sehemu ya kiwango chake cha zamani cha HCFC. Maana yake ni kwamba kilichoandikwa katika miaka hiyo mitatu ndicho kipimo cha miaka ishirini na zaidi. Aliyeandika kidogo kuliko ukweli amejifunga. Aliyeandika kingi amejipa ruhusa isiyo yake.

Na tusidhani kwamba karatasi za HFC ni za kuaminika kuliko zile za CFC-11. HFC-23 ni taka inayotokea wakati wa kutengeneza gesi nyingine, HCFC-22. Kwa mujibu wa ripoti za nchi, China na India zikiwa mbele, ilitarajiwa kufikia 2017 iwe imepungua karibu asilimia 90. Hewa ilipopimwa, mwaka 2018 ulikutwa na tani 15,900 hivi, kiasi kikubwa kuliko cha mwaka wowote uliotangulia. Nchi hizo zina wahandisi na maabara kwa maelfu. Basi sisi, karatasi yetu inaanzia wapi?

Inaanzia kwa fundi wa frigo wa Katuba au Kamalondo. Mteja anafika akisema: « Frigo yangu haiko na gaz, unitilie. » Fundi anatia gaz. Akiandika, anaandika « gaz ». Kama kuna tofauti, atasema ya frigo, ya klima, au ya kupikia. Nimewasikiliza mafundi hawa mara nyingi, na si kweli kwamba hawajui kazi. Wanatofautisha mitungi kwa rangi: ile ya bulu, ile ya kijani. Rangi ilikuwa lugha yao, na ilitosha kwa muda. Lakini mwongozo wa watengenezaji wa Marekani ulitaka kuanzia 2020 mitungi yote mipya ipakwe rangi moja. Kwa anayesoma rangi tu, mitungi hiyo imekuwa mabubu. Kilichobaki ni maandishi ya Kiingereza au ya Kichina, na ile nambari ndogo: R-22, R-134a, R-410A, R-600a.

Hapo mwanaisimu anapaswa kusimama, maana nambari ile ni neno lenye mofimu. Chukua 134, ongeza 90, unapata 224: kaboni 2, haidrojeni 2, florini 4. Chukua 22, ongeza 90, unapata 112: kaboni 1, haidrojeni 1, florini 2, na nafasi inayobaki ni ya klorini. Klorini ndiyo inayokula ozoni. Herufi ndogo ya mwisho huonyesha namna atomu zilivyopangwa. Jamii ya 400 ni michanganyiko, ya 600 inafuata utaratibu mwingine. Mwanafunzi anayeweza kuchambua kitenzi « hatutawapikishia » hawezi kushindwa na R-134a.

Gharama ya kuziita zote gaz si ndogo. Gramu 100 za R-134a zikitoroka hewani, kwa hesabu ya mkataba wa Kigali, zinapasha joto sawa na kilo 143 za kaboni dioksidi. Gramu 100 za R-600a ni karibu na bure, lakini inawaka: fundi akiichomelea bomba bila kujua, anaweza kuungua. R-22 ikitiwa kwenye frigo iliyotengenezwa kwa R-134a, moteri inaweza kufa mapema. Kwa hiyo neno moja linamwumiza mteja, linamhatarisha fundi, na linaipotosha hesabu ya nchi, kabla hatujafika angani.

Najua nitakavyojibiwa. Watu wengi wa Kongo hawana hata umeme wa kuwashia frigo. Mashariki kuna vita. Gesi hizi ni za matajiri, waliozichafua ndio wazisafishe. Sehemu ya jibu hilo nakubaliana nayo kabisa: mchango wetu ni mdogo, na deni si letu. Lakini mdogo kiasi gani? Asiyekuwa na kipimo hawezi kujitetea kwa kipimo. Siku mtu atakaposema kwamba zile tani zisizokuwa na mwenyewe zinatoka Afrika ya kati, tutamjibu kwa nini? Kwa kusema sisi ni maskini? Tena frigo na klima zilizochakaa kwingine zinaletwa kwetu zikiwa na gesi zao ndani. Zikipita bila jina, taka ya wengine inaandikwa kuwa matumizi yetu.

Jibu la pili litatoka kwetu wenyewe, ndani ya kitivo: wataalamu wa Kifaransa wana majina tayari, Kiswahili kina haja gani? Haja ni kwamba fundi anafundishwa kazi kwa Kiswahili, na mwanafunzi wake anafundishwa kwa Kiswahili. Jina lisilofika karakanani halijafika popote. Mizigo mingi ya Lubumbashi inatoka bandari ya Dar es Salaam, inapita Kasumbalesa, na njia hiyo inaanza na kuishia kwa wasemaji wa lugha yetu. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Jina moja la Kiswahili linaweza kuufuata mtungi kutoka melini hadi karakanani.

Sipendekezi tutunge maneno mazito ya kuwekwa kabatini. Nambari ibaki ilivyo, maana ndiyo jina linaloeleweka dunia nzima. Tuifundishe isomwe kwa Kiswahili: R mia moja thelathini na nne a. Mbele yake tuweke neno la jamii ambalo fundi atalielewa bila kufafanuliwa. Yenye klorini iitwe gazi ya ozoni. Yenye florini bila klorini iitwe gazi ya joto. R-600a na nduguze ziitwe gazi ya moto. Majina haya ni ya kujaribiwa. Mafundi wakiyakataa, wao ndio wenye haki, na watatupa bora zaidi. Kisha iwepo karatasi moja ya ukutani, na daftari lenye safu tatu: tarehe, nambari, gramu.

Kwa upande wa hewa, kitivo chetu hakina mashine, lakini kina mdomo. CFC-11 haikugunduliwa kwa mashine kubwa peke yake. NOAA hutegemea pia chupa za hewa zinazojazwa kwenye vituo vya mbali na kupelekwa maabara. Mnara wa Yangambi upo tayari. Wenzetu wa sayansi waulizwe hadharani: ni nini kinachozuia chupa zijazwe hapo pia?

Mwaka 2029, mwaka wa kupunguza kwa mara ya kwanza, si mbali. Kila mwaka wenzetu kadhaa huja wakilalamika kwamba mada za TFC zimekwisha. Hii hapa moja: namna mafundi wa frigo wa mji mmoja wanavyoziita gesi wanazozitumia. Anayeichukua aende na daftari, asikilize kwanza, na arudi na orodha.