Mbung'o Haonyeshi Pasipoti



Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tunaijua sote, lakini mwaka 2025 wengi wetu tuliisahau, na leo hatuna budi kulisema jambo hilo wazi.

Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Mwezi Mei taasisi kuu ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya ikatangaza kuzuia njia ambayo vyuo vya huko vilitumia kuwagawia fedha washirika wao wa nchi nyingine. Tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa. Huku kwetu Tororo na Busia zote mbili pigo hilo lilionekana upesi. Dereva wa mradi, mpima damu, karani wa takwimu, kijana wa kukamata mbu usiku, hao ndio walioambiwa wakae nyumbani.

Sisi tulifanya nini? Ni aibu kusema, lakini baadhi yetu tulicheka. Tulisema, "Waache waonje. Walikuwa wakipita na magari yao na posho zao huku sisi wa wodini tukigawa kitanda kimoja kwa wagonjwa wawili." Wengine wakaingiza siasa. Wa upande wa Uganda wakalaumiana kwa vyama, wa upande wa Kenya wakalaumiana kwa vyama, kisha pande zote mbili zikabishana juu ya Trump kana kwamba tulimpigia kura. Wakati huo mwenzetu mwenye watoto wanne alikuwa hana kodi ya nyumba, na hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Ndugu, sisi wa mpakani tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka, kwa maana jambo hili si geni kwetu. Pale Sukulu, Tororo, palikuwa na makao ya Shirika la Afrika Mashariki la Utafiti wa Malale, EATRO. Lilikuwa mali ya Wakenya, Waganda na Watanzania kwa pamoja. Baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukaa tena katika kikao kimoja cha Jumuiya, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kazi ikagawanywa kama mali ya ndoa iliyovunjika: Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga, Tororo ikabaki kwa Uganda.

Je, mbung'o naye alisubiri wakubwa wapatane? Tangu mwaka 1976 malale yalikuwa yamelipuka Busoga. Mashamba yaliyoachwa yaligeuka vichaka, dawa ya kuua mbung'o ikakosekana, na maelfu ya watu wakaugua. Katika miaka ya 1980 ugonjwa ulifika Tororo. Ng'ombe huubeba bila kuonyesha dalili, na ng'ombe wa Mteso au Msamia huvuka kwenda kwa shemeji ng'ambo bila kuuliza bendera. Hata Desemba 1987, vikosi vya nchi mbili vilipopigana Busia na mpaka ukafungwa, mbung'o hakufungiwa njia.

Wako wanaouliza, utafiti una faida gani kwa mwananchi wa kawaida? Tuwajibu kwa mfano wa hapa hapa. Nagongera, wilaya ya Tororo, watafiti walihesabu mbu wakakuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kama mara 310 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 nyumba za Tororo zikaanza kupuliziwa dawa ukutani, na malaria ikashuka sana. Baada ya 2020, dawa ilipokwisha kubadilishwa, wagonjwa wakaongezeka tena. Nani aliyetambua? Si mheshimiwa jukwaani. Ni wale wenye madaftari na darubini vituoni. Bila wao tungeendelea kupulizia kuta na kuzika watoto bila kujua kwa nini.

Na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Tunaushangilia ushindi huo. Lakini ulinzi ukiondolewa, ushindi huo unaweza kupotea.

Tusiwasahau pia wenzetu wa Marekani. Machi 2025 Idara ya Afya ya nchi ile ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi kama 10,000. Hao ni wafanyakazi kama sisi, na wamo waliompigia kura Trump na wasiompigia. Hatumuulizi mgonjwa kadi ya chama kabla ya kumpima joto. Basi tusimuulize mfanyakazi aliyeachishwa kazi.

Lakini pole peke yake haijazi sufuria. Wazee wetu walikubali kwamba damu ya watu wetu ipimwe kwa fedha za wengine, na mwenye fedha alipokasirika tukabaki mikono mitupu. Mwaka 2001 huko Abuja wakuu wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Ahadi hizo tuzidai Nairobi na tuzidai Kampala, kila mwaka bajeti inaposomwa.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Kwanza, vyama vyetu viwaandikishe wafanyakazi wa miradi, ambao kwa miaka tuliwaacha na mikataba mifupi bila mtetezi. Pili, matawi ya pande mbili za mpaka yakutane na kupeana habari za magonjwa na za kazi, hata siku ambazo wakubwa hawasalimiani. Tatu, kila tawi limtafute mwenzetu mmoja aliyeachishwa, limjulie hali.

Tuliocheka tumekosa. Tuanze upya. Umoja ni nguvu.