Miezi 23 Haitoshi Kisiwani

Likitajwa neno mishonari barazani kwetu, mara nyingi mazungumzo hukatika papo hapo. Mmoja hukohoa, mwengine hugeuza maneno. Sababu zake zajulikana na sitazirejea. Lakini leo naomba wasomaji wanivumilie niwazungumzie mishonari wa namna nyingine kidogo: mume na mke waliokwisha staafu, wenye wajukuu, ambao huacha nyumba yao Marekani wakaenda kukaa Tarawa, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa ajili ya kazi ya maji na afya.

Wazee hawa hutumwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wamezoea kuliita la Wamormoni. Wanaobisha hodi milangoni kuhubiri ni vijana wa kanisa hilo. Wazee waliopangiwa huduma ya kibinadamu wana kazi nyingine: kukagua matangi, kuonana na wauguzi na walimu, kuweka hesabu za miradi. Hawalipwi mshahara, na gharama za maisha yao huzitoa mfukoni mwao wenyewe. Muda wao huanzia miezi 6 wala hauzidi miezi 23.

Tarawa ni makao makuu ya Kiribati, nchi ya visiwa 33 iliyopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 12 Julai 1979. (Jina lenyewe ni “Gilbert” lililotamkwa kwa ulimi wa wenyeji, nao husema “Kiribas”, kwani “ti” kwao ni sauti ya s.) Zaidi ya nusu ya watu wamesongamana Tarawa Kusini, ukanda mwembamba wa mchanga na matumbawe ambao sehemu yake kubwa haifiki mita 3 juu ya bahari. Mto hakuna. Maji matamu ni ya mvua iliyozama mchangani ikaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa, maana maji yaliyo chini ya milima ya mchanga ya Shela yamekaa vivyo hivyo. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda. Na huko Tarawa visima vingi viko karibu na vyoo na mabanda ya nguruwe, watoto wakaharisha. Mwaka 2022 serikali yao ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame. Basi tangi la kukingia mvua huko si jambo la kuchekwa.

Nasikia mtu akisema: hiyo ni chambo tu. Huenda. Lakini watu wa Kiribati karibu wote ni Wakristo tangu zamani, wengi wao Wakatoliki, hivyo ikiwa kuna kunyang'anyana waumini, basi ni wao kwa wao. Mimi nina swali jengine: mfereji wa tangi ukikatika baada ya wazee kurudi kwao, nani atautengeneza?

Hapo ndipo ninapowalaumu. Mwaka 1857 alifika kisiwa cha Abaiang, jirani ya Tarawa, mishonari Hiram Bingham wa pili pamoja na mkewe Clarissa. Hawakuwa wazee, na maradhi yaliwatoa visiwani. Lakini lugha ya watu wale hawakuiacha. Bwana Bingham aliendelea nayo akiwa Honolulu hadi akaikamilisha tafsiri ya Biblia mwaka 1890. Dini yake si yangu, ila miaka 33 juu ya lugha ya watu wachache naiheshimu. Mtu wa miezi 23 ataijua lugha kwa kiasi gani? Akishaanza kuelewa mzaha wa mwenyeji, tayari anafunga sanduku.

Hata hivyo umri wao nausifu. Mzee aliyewahi kuona mipango mingi ikiharibika hana haraka ya kusema, hukaa akasikiliza, na mkewe huingia jikoni kwa wanawake ambako bwana hafiki. Fedha peke yake haziwezi hayo.

Najua kijiji kimoja katika visiwa vyetu chenye jabia lililojengwa kwa msaada wa wageni. Kibao chenye majina yao kingaliko, jabia limepasuka ubavuni. Kulitia saruji ni kazi ya siku tatu. Na barazani kwetu, kila alasiri, hukaa waashi wawili waliostaafu wakicheza bao. Juzi nilimuuliza mmoja wao kama angekwenda. Akataka kujua nauli ya mashua atatoa nani. Nikamwambia tutachanga. Akasema atafikiri, akarudi kwenye kete zake.