Sauti Inatoka Wapi?

Ndugu mkulima, ukiwa njiani hapa Mpanda, pikipiki ikipiga honi nyuma yako, unajua ukae upande gani. Kwa nini? Sauti hufika kwanza kwenye sikio lililo karibu nayo. Ubongo hulinganisha masikio mawili. Kazi hiyo ubongo hujifunza utotoni.

Mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapandikiza watoto viziwi vifaa vya kusikia. Lakini mtoto aliyekaa miaka mingi bila kusikia, hata akiwekewa vifaa viwili, hupata shida. Husikia honi, asijue inatoka wapi.

Basi usingoje. Mtoto mchanga asiposhtuka kwa kelele, mpeleke zahanati, uombe rufaa. Mbegu hupandwa mvua za kwanza.