Shahidi Yuko Wapi?

Nenda mahakama ya mwanzo yoyote, iwe Tarime mjini au Mugumu, usikilize kesi ya ng'ombe. Shahidi anaitwa, anataja jina lake na kijiji chake, anasema aliona nini, halafu anaulizwa maswali mpaka jasho linamtoka. Lakini ikija kesi ya lugha, wasomi wetu hutoa hukumu bila kumwita mtu. Eti kabila hili lilitengana na lile miaka elfu kadhaa iliyopita. Eti lugha hii ni lahaja tu ya ile. Eti hakuna lugha ya binadamu inayoweza kufanya jambo fulani. Ukiuliza nani alisema, wapi, na katika sentensi gani, unaambiwa nenda kasome kwanza. Mimi nimeishia kidato cha nne, ndugu msomaji, na bado nauliza.

Tuanze na hesabu ya maneno. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Morris Swadesh alitunga orodha ya maneno ambayo aliamini kila lugha inayo. Akasema katika maneno 100, kama 86 hivi hubaki baada ya kila miaka 1,000. Basi chukua lugha mbili, hesabu yanayofanana, umepata mwaka wa kutengana. Rahisi kama kupima mahindi kwa debe! Katika orodha yake ndefu ya maneno 200 mlikuwemo barafu, theluji na bahari. Hebu fikiria bibi wa Ikoma anaulizwa theluji inaitwaje.

Mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt wakaipima hesabu hiyo kwa lugha zenye maandishi ya kale. Lugha ya Iceland na ile ya Norwe zimetoka kwa mama mmoja, na muda wa kutengana kwao unajulikana, kama miaka 1,000. Ile ya Iceland ilikuwa imebadilika kidogo mno, ya Norwe ikapoteza maneno mengi zaidi. Kumbe saa zenyewe hazitembei sawa. Mpaka leo lakini utamsikia mtu anataja karne ya makabila kuachana kana kwamba alikuwepo.

Kwetu jambo hili si la mchezo. Tarime imeona koo zikipigana kwa sababu ya ardhi. Serengeti watu walihamishwa kupisha hifadhi, na wajukuu wao bado wanasema mababu walizikwa humo. Mahali kama hapa, mtu anayeandika kwamba fulani alitangulia na fulani alikuja juzi anampa mmoja silaha. Sasa silaha hiyo itolewe kwa sababu maneno mangapi yamefanana? Na yaliyofanana kwa sababu ya mnada, au kwa sababu mke aliolewa kutoka ng'ambo ya mto akaja na maneno yake, hayo nani ameyatoa kwenye hesabu?

Angalia Waikoma. Wazee wao husimulia kuwa asili yao ni Sonjo, upande wa pili wa hifadhi. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie alipozigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kinata na Kiikoma zikapata E45, Kisonjo E46. Msomi mvivu atasema, naam, namba zimewaunga mkono wazee. Lakini Guthrie alipanga kwa kufuata ramani pia, na namba kukaribiana si undugu. Derek Nurse na Franz Rottland walipokichunguza Kisonjo kwa undani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikiona ni ndugu wa lugha za Kenya ya kati, akina Kikuyu. Je, wazee wamesema uongo? La hasha! Watu wanaweza kuhama, wakaoa, wakaacha lugha yao na kushika ya wenyeji. Simulizi ni shahidi wa watu, sauti na maneno ni shahidi wa lugha. Waitwe wote wawili, na kila mmoja aulizwe lile alilolishuhudia.

Kuna na hukumu kubwa zaidi, zile za binadamu wote. Mwaka 1986 John McCarthy na Alan Prince, wanaisimu wa Marekani, waliandika kwamba kanuni za lugha hazihesabu tatu, nne. Zinatazama kitu kimoja na jirani yake, basi. Nadharia safi. Sasa njoo kwa Wakuria. Mwaka 2015 Michael Marlo, Leonard Chacha Mwita na Mary Paster walieleza toni za kitenzi cha Kikuria. Wanapima kwa mora: irabu fupi ni mora moja, ndefu ni mbili. Ukisema jambo la wakati ujao, sauti inapanda kwenye mora ya tatu ya shina. Ukisema "tuko karibu kufanya", inapanda kwenye ya nne! Na kitenzi kikiwa kifupi, kama kula, hesabu haikatiki. Inavuka na kuendelea kwenye neno linalofuata, hata kama neno hilo ni ndizi.

Umeona? Orodha ya maneno isingeyapata hayo hata ingekuwa na maneno elfu kumi, kwa sababu jambo lenyewe liko ndani ya sentensi. Naye Mwita ni Mkuria, anaisikia. Hata hivyo nasi tusilale hapo. Je, Wairegi, Wanyabasi, Wanchari na Watimbaru wote wanahesabu hivyo? Na vijana waliokulia mjini je? Shahidi mmoja mzuri anaomba wenzake.

Tena tusichague nadharia kwa kuwa inatusifu. Mwaka 2011 Quentin Atkinson alitumia hesabu za sauti za lugha 504 akasema lugha ilianzia Afrika. Wengi walishangilia. Mwaka 2012 wanaisimu wengine wakaonyesha kuwa ushahidi ule haubebi hukumu ile. Takwimu zenyewe zilizipanga lugha kwa makundi: irabu tano au sita ni kundi la kati, saba kwenda juu ni kundi kubwa. Kikuria kina saba. Karani akikiandika kwa herufi za Kiswahili, irabu mbili zinapotea na lugha imehama kundi! Afrika haihitaji kusifiwa kwa karatasi ya namna hiyo.

Nawaambia ninyi mnaoandika hadithi, kwa sababu kazi hii inatuhusu. Nataka kuandika riwaya ambamo mama wa Kingoreme anamkanya mwanawe, na sitaki aongee kama orodha. Simu unayo mfukoni. Muombe bibi ruhusa, umrekodi akisimulia, akigombana, akibembeleza mtoto. Andika kijiji, umri, ukoo, na lugha aliyozungumza mama yake. Ukiona irabu haina herufi, usiipachike ya Kiswahili, weka alama yako na ueleze. Halafu akija msomi na hukumu yake, mkaribishe kiti, mpe uji, muulize shahidi wake ni nani na anaishi wapi. Akikosa la kujibu, kesi imefutwa.