Kazi za Nyumbani: Mipira ya Hita ya Pikapu Kuukuu

Familia nyingi za askari zina nyumba mbili: baba yuko kazini Gitega, mama na watoto wako Muyinga penye shamba, na baina yao huenda na kurudi pikapu moja kuukuu. Hiyo ndiyo inayobeba maharage na ndizi, ndiyo inayobeba saruji, na usiku mwingine hubeba mgonjwa anayewahishwa hospitali. Mwenye gari huujua umri wa matairi na wa betri. Mipira ya hita aghalabu hajui hata ilipo.

Husahauliwa kwa sababu hita yenyewe haitumiki sana. Dereva huiwasha asubuhi za Juni na Julai, baridi ya kiangazi inapouma, au siku ya mvua kioo kinapofunikwa na ukungu. Basi huidhania kuwa ni anasa tu. Kumbe mipira hiyo miwili, ambayo wauza vipuri huiita duriti kwa kufuata Kifaransa, hupitisha maji yale yale yanayoipoza injini. Mmoja huyatoa maji ya moto kwenye injini na kuyapeleka katika rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Wa pili huyarudisha upande wa pampu. Hata hita ikiwa imefungwa, mipira imo kazini na imebanwa kwa shinikizo.

Shinikizo hilo ndilo kiini cha jambo. Miji ya Gitega na Muyinga iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yafikapo digrii 95 hivi, si 100 kama pwani. Kifuniko cha rejeta, kwa kuyabana maji, hukiinua kiwango hicho kwa digrii 20 hivi. Mpira ukipasuka, shinikizo hutoweka, na maji yaliyokuwa yametulia huchemka papo hapo na kumwagika barabarani. Hapo ndipo inapokuja hadaa iliyo mbaya kuliko zote. Kipimo cha joto hutegemea maji; maji yakiisha, mshale huweza kushuka badala ya kupanda, na dereva anayepanda kilima karibu na Karuzi akafurahi kwamba injini imepoa. Baada ya dakika chache silinda hedi imepinda na gasketi imeungua. Kwa kuokoa bei ya mpira wa urefu wa mkono, nyumba hupoteza akiba ya ada za shule.

Yafaa basi mipira ikaguliwe injini ikiwa baridi. Mpira huanza kuoza kwa ndani, hasa karibu na ncha zake, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Ubonyezwe kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mgumu kama kuni, au laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, au umevimba karibu na kibano, wakati wake umekwisha. Ukoko mweupe au wa kijani penye maungio ni dalili kwamba maji yanavuja kidogo kidogo. Lakini zulia likilowa miguuni pa abiria na harufu tamu ikisikika ndani ya gari, ugonjwa huenda uko katika rejeta ndogo yenyewe, na hiyo ni kazi nyingine.

Wakati wa kununua, ncha ya mpira wa zamani ichukuliwe dukani. Katika pikapu nyingi za Toyota za miaka ya 1980 tundu lake ni milimita 16, ila kupima ni bora kuliko kukisia. Utakiwao ni mpira wa injini wenye nyuzi ndani yake. Ule wa kumwagilia bustani hulainika kwa joto, na anayeufunga anajitengenezea ajali. Vibano vipya vinunuliwe pamoja na mpira.

Kazi yenyewe huchukua asubuhi moja. Injini ipoe kabisa, usiku kucha ikiwezekana, kwani kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali cha moto hurusha maji yanayobabua uso. Maji yafunguliwe chini ya rejeta, yaingie katika beseni. Lakini lisiwe beseni la kuoshea vyombo, hata kama mama mwenye nyumba hayupo kuona. Kulanti ya kawaida ina ladha tamu na ni sumu kali. Mbwa, mbuzi na watoto huivutiwa, hivyo beseni lisiachwe uani hata kwa muda wa kunywa chai.

Kabla ya kutoa chochote, uzi ufungwe kwenye mpira mmoja ili ijulikane upi ulikuwa wapi. Vibano vilegezwe kwa bisibisi au koleo. Hapa ndipo haraka huvunja kazi: mpira wa zamani umeng'ang'ania bomba, na bomba za rejeta ndogo ni nyembamba, zimeunganishwa kwa risasi. Anayevuta na kusokota kwa nguvu hung'oa bomba, na kazi ya asubuhi moja huwa ya wiki, maana dashibodi nzima itafunguliwa. Mpira upasuliwe kwa kisu kwa urefu wake, ubanduke wenyewe taratibu. Hautatumika tena, wa nini kuuhurumia?

Bomba zisuguliwe kwa msasa laini mpaka ziwe safi. Mpira mpya ukatwe kwa urefu wa ule wa zamani, usipinde kwa ghafla wala kugusa ekzosi. Ukikataa kuingia, ulainishwe kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huula. Kibano kikae nyuma ya ukingo wa bomba, si juu yake, kikazwe hadi kishike, bila kuukata mpira.

Kujaza maji kunataka subira kuliko kazi yote iliyotangulia. Gari lielekezwe pua yake juu ya mwinuko, swichi ya hita iwekwe upande wa joto ili njia ifunguke, kisha kulanti iliyochanganywa imiminwe polepole. Injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi, na mipira ibonyezwe bonyezwe ili hewa itoke kwa mapovu. Upepo wa hita ukitoka wa moto sawasawa, maji yanazunguka. Yaongezwe, kifuniko kifungwe.

Wako wanaoziba bomba kwa kipande cha mti. Desturi hiyo iachwe. Mti hunyauka, hutoka, na injini hufa. Mpira ukipasuka njiani, dereva azime injini mara moja na kusubiri mpaka ipoe, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa juu ya chuma chenye moto hukipasua. Pasuko likiwa kwenye ncha, akate sehemu hiyo na kuufunga tena. Likiwa katikati, achukue ule mzima aziunganishe bomba mbili za upande wa injini, maji yazunguke bila kupita kwenye hita, ajaze maji na kuendelea polepole. Hiyo ni dawa ya kumfikisha nyumbani tu, maana msimu wa mvua kioo kitamdai hita yake.

Haya ni ya gari la nyumbani. La kikosi lina fundi wake na daftari lake, na dereva asiliguse kwa bisibisi ya kuazima.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, vibano vikazwe tena nusu mzunguko, maana mpira mpya hujikalia ukishapata joto. Kipande kilichobaki, vibano viwili na bisibisi vikae nyuma ya kiti pamoja na dumu la maji.