Vyaelea, Lakini Nani Kaviunda?

Wapo wanaodai kwamba uraibu wa kuunda treni ndogo kwa mikono umepitwa na wakati. Tangu mwaka 2001, zilipotoka programu za Trainz na Microsoft Train Simulator, mtu aweza kutandika reli ndefu katika kioo cha kompyuta bila ya kununua hata msumari. Hoja yao si dhaifu: kioo hakihitaji chumba, na atandikaye njia yake humo naye ni muundaji. Lakini na waulizwe: muundaji hujifunza nini pale ambapo hapana kitu kinachomkatalia?

Jibu liko Kibaha na Kisarawe, ambako zapita njia tatu, kila moja na upana wake. Ruvu na Soga ipo Reli ya Kati, waliyoianza Wajerumani mwaka 1905, milimita 1,000. Na reli ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, milimita 1,435. Kisarawe yapita TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja, lakini ndiyo iliyolazimu kuwekwa kituo cha kuhamishia shehena huko Kidatu.

Mtoto achukuaye kopo, waya na soli ya kandambili akakata magurudumu, huyajua hayo kwa vidole. Magurudumu yakipishana kidogo tu, behewa laanguka. Hata fundi wa Ulaya apunguzaye kila kitu mara 87 hana budi kuitandika reli ya milimita 1,435 kwa milimita 16.5, wala hana pa kukimbilia akikosea. Kioo husamehe, bati halisamehe.

Washairi nao wasidhani kuwa hili haliwahusu. Taruma, behewa, kokoto: maneno haya huishi vinywani mwa waliovishika vitu vyenyewe. Asiyevishika, vyote kwake ni “treni” tu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walinena wahenga. Kioo huonyesha kinachoelea na kuuficha mkono uliokiunda. Vichwa vya umeme vipitavyo Soga vimeundwa Korea Kusini. Si aibu kununua, aibu ni kuridhika. Mtoto anyimwaye bati na mkasi leo, kesho atabaki kuwa abiria.